Pini Nne

Ukoo wa Mugeta ulipomrudisha Nyangi kwa baba yake Butiama, alikuja na begi la nguo, godoro lililofungwa kamba, na kufuli. Begi na godoro vilikuwa mali yake. Kufuli alitupiwa. Mugeta, mumewe, ndiye aliyelitumbukiza ndani ya begi, ufunguo ukiwa bado umo tunduni, akasema, "Nenda nayo kwa huyo uliyempaga ufunguo. Mkafungie nyumba yenu."

Huyo aliyepewa ufunguo hakuwa na jina wala sura. Wengine walisema ni mvuvi wa ng'ambo, anayevuka na kivuko kutoka Ukerewe. Wengine wakasema ni mtu wa kununua dagaa. Mama mkwe wake, ambaye hajawahi kushindwa kuona jambo likishatokea, alisema yeye alimwona kwa mgongo. Mwanamume wa kubuniwa ana nguvu kuliko wa kweli, maana hawezi kuitwa aje ajieleze.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Zilikuwa siku za mbalamwezi, ambazo dagaa hawaifuati taa na wavuvi hupumzika. Mugeta aliishusha mashine ya boti yake, akaifungia stoo nyuma ya nyumba yao kule Kisorya, akaenda msibani Bunda. Aliporudi, kufuli lilikuwa limening'inia mahali pake, limefungwa. Mlango mzima, bati zima, ukuta mzima. Ndani, nyavu zilikuwepo, madumu yalikuwepo, mashine haikuwepo. Polisi walikuja, wakatazama, wakauliza funguo ziko ngapi na nani anazo. Zilikuwa mbili. Mmoja Mugeta alikwenda nao msibani, umefungwa shingoni kamba moja na rozari. Wa pili ulikuwa kwenye pindo la kanga ya Nyangi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Makongoro, baba mdogo wa Mugeta na msemaji wa ukoo, na baada ya hapo hakuna aliyeona haja ya kusema zaidi.

Ndoa yenyewe Nyangi angeweza kuizika. Mume anayeamini uvumi kabla uji haujapoa si mume wa kumlilia, ingawa alimlilia. Kilichomkata maini ni Jeska, binti yao wa pekee, aliyekuwa ndio kwanza ameng'oka meno ya mbele. Mtoto ni wa ukoo, aliambiwa, na mtoto akabaki. Kisha habari ikamfikia Butiama kwamba shule zikifungwa Jeska atapelekwa kwa shangazi yake upande wa Geita, akalelewe mbali na tabia za mama. Akishavushwa huko, Nyangi alijua, atakuja kumwona siku ya harusi yake, tena kama mgeni asiyealikwa.

Akawa analitazama lile kufuli. Alilifunga, akalifungua, akalifunga. Aliwaza hivi: ufunguo wangu haukutoka kwenye pindo langu, na wa Mugeta haukutoka shingoni mwake. Kwa hiyo kufuli lilifunguka bila ufunguo. Na kama lilifunguka bila ufunguo, sababu imo humo ndani. Alitaka kuliona tumbo lake.

Wala hakuhitaji kwenda mbali, maana fundi alikuwa baba yake. Mzee Wenceslaus alikaa miaka mingi kwenye baraza la duka moja pale sokoni Butiama akitengeneza saa, redio, cherehani na kufuli, na mtu akisema "fundi" bila kutaja jina, watu walijua ni yeye. Siku hizi wateja walikuwa wamepungua. Mwenyewe alisema simu zimeua saa. Alikuwa mtaratibu, mkimya, mtu wa kungoja usalimie kwanza ndipo akuite jina. Asubuhi alipomimina chai alikiweka kidole gumba ndani ya ukingo wa kikombe, na Nyangi alijiambia ni mazoea ya wazee.

"Baba, nifungulie hii kufuli. Nataka kuona ndani."

"Ndani kuna nini cha kuona?"

"Nataka kujua waliifunguaje."

Mzee alilipokea, akalipima uzito kiganjani, akaliweka sikioni na kuuzungusha ufunguo. "Unasikia? Hii niliitengeneza mimi ile Krismasi uliyoniletea. Ilikuwa imekufa kwa kutu na mchanga wa ziwani, ufunguo hauzunguki. Nikatoa pini zote, nikasafisha, nikarudisha. Mume wako alisemaje?"

"Alisema una mikono ya malaika."

Ni kweli alisema hivyo. Kabla ya hapo Mugeta alikuwa akishindana na kufuli lile kila alfajiri hadi anatukana. Lilipotoka kwa mkwewe, ufunguo ulizunguka kama kijiko kwenye uji, na alilisifu mwaloni, boti zinakotia nanga, kwa wiki nzima.

"Basi," mzee alisema. "Kazi yangu hairudigi, mwanangu. Ukiifungua hiyo kufuli, unawaambia watu shaka yako iko kwangu. Iache ilivyo."

Alimrudishia. Alimrudishia kwa kuunyoosha mkono kidogo kando ya pale aliposimama Nyangi, na Nyangi akasogea ili kulipokea.

Siku ya pili alimwambia baba yake anakwenda Kigera kumsalimia rafiki yake waliyesoma naye. Hakufika Kigera. Alishuka Nyakato, pale mjini, akaulizia fundi wa kufuli, akaonyeshwa kibanda cha bati chenye ufunguo mkubwa uliochorwa kwa rangi nyekundu. Fundi wa hapo aliitwa Stanislausi, mwanamume mnene, mwenye maneno mengi, na miwani iliyofungwa kwa waya.

"Umepoteza ufunguo, dada?"

"Ufunguo ninao."

"Sasa?"

"Nataka unifungulie tumbo lake, nione."

Stanislausi alimtazama kama mtu aliyeombwa kumpasua kuku mzima bila sababu ya kula. Kisha alicheka, akavuta droo, akatoa kufuli la zamani alilokuwa amelikata ubavuni kwa msumeno. Alisema analo la kuwaonyesha wateja wabishi.

"Angalia hapa. Hii inayozunguka tunaiita silinda. Juu yake kuna vyumba vinne. Kila chumba kina pini iliyokatwa vipande viwili, na juu yake springi. Springi inaisukuma pini chini, pini inaingia kwenye silinda, silinda inakwama. Sasa ingiza ufunguo. Kila jino linanyanyua pini yake. Zote nne zikifika pale zilipokatwa, silinda inazunguka. Moja ikiwa chini kidogo, inakataa. Ikiwa juu kidogo, inakataa. Ni kama wazee wanne wa mirathi. Mmoja akinuna, shamba haligawanywi."

Nyangi aliinama hadi paji la uso likakaribia jiliwa la kubania vyuma. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu kidogo namna ile kinaweza kuwa na nyumba ndani yake. Kwa mara ya kwanza tangu arudishwe kwao alisahau kuwa na huzuni, na alipokumbuka, iliuma zaidi.

Stanislausi alilibana kufuli la Kisorya. Chini ya tumbo lake kulikuwa na vizibo vinne vya shaba, vidogo kama punje za mtama, vilivyosuguliwa hadi vikalingana na mwili wa kufuli. Alikitoboa cha kwanza, akaking'oa, akaligeuza kufuli juu ya karatasi nyeupe na kuligonga.

Hakikutoka kitu.

Akang'oa cha pili, akagonga. Hakuna. Cha tatu, hakuna. Cha nne kilitoa kipande cha springi kilicholiwa na kutu. Alichukua tochi, akachungulia chumba kimoja kimoja, akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena.

"Dada, hii kufuli haina pini."

"Haina hata moja?"

"Hata ya dawa."

Alivirudisha vizibo kwa muda, akafunga, kisha akachukua msumari na kuutia tunduni. Silinda ikazunguka, kufuli likaachia. Akafunga tena, akalifungua kwa mpini wa kijiko. Akalifungua kwa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. "Hii si kufuli," alisema. "Hii ni pambo. Mtu yeyote aliyepita hapo na kijiti kigumu alikuwa na ufunguo."

Nyangi aliketi kwenye kigoda akaufunika uso kwa kanga. Alikuwa anacheka na analia kwa pamoja, na hakujali nani anamwona. Hapakuwa na mvuvi wa ng'ambo. Hapakuwa na mtu wa mgongo. Kulikuwa na kufuli tupu na mwizi aliyejaribu bahati yake, akachukua mashine, akalibana tena kufuli ili wachelewe kugundua. Basi. Alimwona Jeska akija mbio kumlaki.

"Ila huyu aliyeitengeneza ananishangaza," Stanislausi aliendelea, huku akivigeuzageuza vizibo. "Anajua kazi. Ona alivyovisawazisha, hata mimi sifanyi hivi. Mtu wa mkono huu hawezi kusahau pini zote. Labda zilimdondoka akifungua, na hakuziona. Yeye akafikiri zimo, akafunga. Fundi wa wapi?"

Nyangi alikuwa bado ameshika kanga usoni. Neno "hakuziona" likamrudia. Akaliona gumba kwenye kikombe. Akamwona mzee akingoja sauti ya mtu kabla ya kutaja jina. Akauona mkono ulionyooshwa kando. Furaha yote ilimkauka kinywani.

"Wa huko huko tu," alisema.

Busara ingemwambia arudi nyumbani akafikiri. Lakini mama aliyenyang'anywa mtoto hafikiri, anakwenda. Alilitia kufuli na vipande vyake ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda gari la Bunda, na kutoka Bunda akaunganisha la Kisorya. Jua lilikuwa bado juu alipofika kwa Makongoro. Mugeta aliitwa kutoka mwaloni, akaja na magamba ya sangara mikononi, akakaa bila kumtazama.

Nyangi aliumwaga mfuko juu ya kigoda. Aliwaeleza vyote: vyumba vinne, pini, springi, wazee wa mirathi. Alivipachika vizibo kwa vidole, akazungusha silinda kwa njiti ya kiberiti. Aliongea vizuri, kuliko alivyowahi kuongea mbele ya wakwe. Makongoro alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na ndilo lililokuwa gumu.

"Mama Jeska," alisema, "ulitoka hapa na kufuli inafunga. Umerudi na vipande. Sisi tutajuaje kwamba hizo pini hamkuzitoa wewe na huyo fundi wako wa mjini?"

Swali lilikuwa la haki, na Nyangi alijua. Angelileta kufuli lilivyokuwa, likapasuliwa hapa hapa mbele ya macho yao, kesi ingekwisha kabla ya chai. Badala yake alikuwa amevunja mtungi ili awaonyeshe kwamba haukuwa na maji. Alitazama vile vipande na kuuchukia ujinga wake.

"Lakini baba mdogo," Mugeta alisema polepole, na hapo ndipo alipomtazama mkewe, "hii kufuli ilikuwaga laini mno. Hata mimi nilishangaa."

"Laini tangu lini?"

"Tangu ilipotoka kwa baba mkwe."

Makongoro aliitikia kwa kichwa. "Basi wa mwisho kuifungua tumbo kabla ya wizi ni mzee Wenceslaus. Aje yeye. Akisema pini zilimponyoka, nitamsikia. Yule ni mtu wa kanisa, hana uongo. Aje Jumamosi."

Wakati huo Jeska alirudi kutoka shuleni. Alisimama kwenye kona ya nyumba na mkoba mgongoni, akamwona mama yake, akatabasamu. Meno mapya yalikuwa yameshachomoza, mapana, na Nyangi hakuyaona yakianza. Kabla hajanyanyuka, bibi aliita kutoka ndani, na mtoto akaingia akitembea kinyumenyume.

Mzee Wenceslaus hakupiga kelele alipoambiwa. Alikuwa amekaa barazani na vifaa vyake vimepangwa mbele, kila tupa na kila koleo mahali pake pasipobadilika.

"Kwa hiyo Kigera hukwenda."

"Sikwenda, baba. Nisamehe."

"Na huyo wa Nyakato akasema haikuwa na pini."

"Sikuambiwa. Niliona mwenyewe. Nilikuwa nimekaa hapo hapo."

"Basi amezitoa yeye, ukiwa unaangalia pembeni. Mafundi wa mjini ndio walivyo."

Nyangi alikaa chini miguuni pake. Tangu mama yake afariki hakuwahi kumwambia baba yake neno la kumvua nguo, na hakujua linaanzia wapi. "Baba. Macho yako."

"Yana nini?"

"Wakati ule wa Krismasi. Labda hayakuona vizuri. Kuna mtoto wa jicho, baba, hospitali wanatoa. Si kosa la mtu."

Mzee aliugeuza uso kumwelekea, na macho yakatua kwenye ukuta nyuma ya bega lake. "Namwona kila ninayetaka kumwona," alisema. "Nikuambie kitu. Siku mtu atakaposema Wenceslaus haoni, siku hiyo nitashikwa mkono kupelekwa chooni. Hujaniona nikishikwa mkono."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mzee huyu hakuogopa kifo. Aliogopa huruma ya watu wa sokoni, na hilo Nyangi alilielewa. Baadaye, giza lilipoingia, mzee alisema bila kuulizwa, "Jumamosi nitakuja. Nitawaambia ukweli."

"Ukweli wote, baba?"

"Umewahi kunisikia nikisema uongo?"

Akalishika hilo neno. Aliishi nalo hadi Jumamosi.

Mzee alivaa koti lake la misa. Kila walipovuka barabara alikataa mkono, ila alishika ncha ya kanga ya Nyangi na kusema kwa utani kwamba anaogopa bintiye asimtoroke tena. Nyangi alitembea taratibu, akimtajia mashimo kama mtu anayelalamikia barabara. "Hapa halmashauri wamechimba wakaacha," alisema, na mzee aliinua mguu.

Walikaribishwa viti kwenye baraza la Makongoro. Kulikuwa na Makongoro mwenyewe, Mugeta, na wanaume wachache wa ukoo. Mama mkwe alikaa ndani karibu na dirisha, ambako mtu husikia vyote bila kuhesabiwa. Jua lilimwagika barazani, weupe mtupu. Walisalimiana sana, wakaulizana habari za mashamba, ng'ombe na parokia. Kisha Makongoro akauliza.

"Mzee wangu, hii kufuli wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Ndiye mimi."

"Binti yako anasema ilitoka kwako haina pini. Hatukuiti kukudhalilisha. Kila fundi kuna siku mkono unateleza. Tunataka tu kujua. Ulizirudisha?"

Nyangi alimwomba Mungu kimyakimya, na jina la Mungu likawa linagongana na jina la Jeska.

Mzee Wenceslaus alikaa wima. "Nilizirudisha pini zote nne, kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine," alisema. "Ilitoka kwangu nzima. Anayesema haikuwa na pini, hata kama ni mwanangu, ananitukana."

Hakudanganya. Ndilo jambo ambalo Nyangi hakuwa amelifikiria njia nzima. Mzee alikuwa akisema anachokiamini. Siku ile ya Krismasi alihisi vipande vigumu chini ya vidole, akaamini ni pini; labda vilikuwa punje za mchanga, zikamwagika baadaye tunduni. Ukweli aliouahidi ndio huo.

"Haya," Makongoro alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetamani jibu jingine. "Mama Jeska, umesikia. Ni baba yako mwenyewe, si sisi."

Ndani, sauti ya mama mkwe ilimwambia mtu aziteremshe nguo za mtoto kutoka kambani. Shule zilikuwa zimeshafungwa; gari la Geita ni Jumatatu.

Nyangi alisimama. Hakuwa amepanga alichokifanya. Aliwahi kusema baadaye kwamba miguu ilisimama na yeye akaifuata. Alitembea hadi mbele ya kiti cha baba yake, karibu kama mtu anayetaka kupeana mkono, akaukunjua mkono wa kulia chini ya jua lile, kiganja juu.

"Baba," alisema, "zile pini nilizipata. Hizi hapa mkononi mwangu. Waambie ni ngapi."

Mzee aliinama. Alikunja uso, akakiweka kichwa upande, akakileta upande wa pili. Alilamba midomo. Wanaume wote barazani walikitazama kile kiganja. Mugeta alinyanyuka nusu, akakaa tena.

"Nne," mzee alisema. Kisha, kwa kuwa kimya kilikuwa kirefu, akaongeza, "Tena ni zenyewe. Zangu ningezijua popote."

Kiganja cha Nyangi kilikuwa kitupu. Kulikuwa na mistari yake tu na jasho. Aliendelea kukikunjua kwa sababu hakujua namna ya kukifunga, na aliuchukia mkono ule kuliko alivyowahi kumchukia mwizi wa mashine au uvumi wa Kisorya. Makongoro alivua kofia yake, akaishika magotini. Mugeta aliinamisha kichwa katikati ya mikono yake yenye magamba. Hakuna aliyecheka. Dirishani, mama mkwe alisema, "Yesu wangu," kwa sauti ya chini sana.

"Asante, mzee," Makongoro alisema hatimaye. "Tumekusikia. Umetusaidia." Akawageukia wenzake. "Mwanamke huyu hana kosa. Tumlete mtoto wake. Hayo mengine ya mume na mke watayaongea wenyewe, nasi tutakwenda Butiama na miguu yetu kuomba radhi."

Uso wa mzee Wenceslaus ulichanua. Alifikiri ni neno lake lililoshinda. "Mnaona?" alisema, akiwageukia watu mmoja mmoja, akizifuata pumzi zao. "Niliwaambia ilikuwa nzima." Nao, kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, walimwambia ndiyo, mzee, ilikuwa nzima.

Mugeta aliwasindikiza hadi kwenye gari amebeba begi la mtoto. Alitaka kusema kitu. Nyangi alimwambia si leo.

Stendi ya Bunda walikaa kwenye benchi la mama ntilie wakingoja gari la Butiama. Jeska alikuwa amelala, kichwa kwenye paja la mama yake, mdomo wazi, meno mapya nje. Nyangi alikuwa amepata alichokitaka, na alikaa nacho kama mtu aliyebeba mzigo wa wizi. Alijua jinsi habari zinavyosafiri. Ya Kisorya itafika Butiama kabla ya misa ya pili, na ikifika pale sokoni haitamhurumia mtu. Ama yeye mwenyewe amwambie baba yake, ama mzee aambiwe na mcheka ovyo mmoja. Alilitafuta neno la kuanzia. Mzee, kwa upande wake, alikuwa na furaha. Alikunywa chai mbili, akamsimulia muuza chai, ambaye hakuuliza, kwamba ametoka kumaliza kesi.

Kisha akasogea karibu na bintiye, akashusha sauti.

"Mwanangu, nikuambie kitu, usije ukakisema kwa mtu."

"Sema, baba."

"Pale mkononi mwako. Moja sikuiona vizuri. Ilikuwa imejificha kidogo kwenye kivuli cha kidole. Nilisema nne kwa uzoefu tu." Akaisugua rozari mfukoni. "Labda uliyosema kuhusu macho ni kweli. Labda ni jicho moja hili. Ila zile tatu niliziona."

Nyangi alimfunika mtoto miguu kwa kanga, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Najua, baba," alisema.